Paa Lililopakwa Udongo

Kambini tuligawiwa maturubai meupe ya kuezekea. Wenzangu walimshukuru Mungu. Mimi langu nililipaka udongo, nikalilazia nyasi juu, mpaka weupe ukaisha. Jirani yangu, mama mmoja Mrundi, akipita na ndoo ya maji alikuwa ananicheka: "Baba we, umepewa nyumba safi unaigeuza shimo la panya." Nilimwacha acheke. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Naeleza sasa, na sitapamba, maana shule yenyewe niliishia la tatu.

Kwetu ni ng'ambo ya ziwa. Siku isiyo na ukungu ukisimama Bangwe, hapa Kigoma, unaiona milima yake. Vita vilipotufikia, ndege za serikali zilikuja kusaidia askari wa miguu, zikawa zinawapiga haohao askari wake, maana kutoka juu mtu ni mtu tu. Ndipo kikaletwa kikosi kidogo cha kuongoza ndege: ofisa mwenye darubini na ramani, askari wawili, na redio iliyopata umeme kwa kuzungushwa mkono. Walikaa kilimani juu ya kijiji chetu. Ofisa anatazama mapigano, mtu wa redio anamwambia rubani piga pale, acha pale. Askari wao, popote walipo, walitandika shuka jeupe chini. Penye shuka, ndege haipigi.

Mashuka yenyewe waliyachukua majumbani mwetu, kwa hiyo siri ilikuwa ya kijiji kizima. Kila mwenye akili akatandika lake juu ya paa. Mke wangu alitandika lile la harusi yetu. Hata mtoto tulikuwa hatujapata.

Mtu wa redio alikuwa anakula kwetu. Alipenda samaki wa mgebuka aliowapika mke wangu, akimwita dada. Siku moja akatazama paa, akasema, "Dada, hapo hata nikimwambia rubani akupige, atanikatalia." Tukacheka wote watatu.

Waasi nao walijifunza, wakatandika mashuka yao. Wakubwa wakageuza: kuanzia leo nyeupe ni adui, askari wetu watatandika nyekundu. Askari waliambiwa. Sisi hatukuambiwa.

Nilikuwa ziwani na nyavu. Niliiona ndege ikishuka, nikajisemea inawaendea waasi. Nilipofika ufukweni sikukuta paa, sikukuta mke. Nyumba zilizosimama ni za wale wavivu ambao hawakutandika kitu.

Watu wa Kigoma hunifariji, "Vita havina macho, ndugu yangu." Vilikuwa na macho, vilikuwa na darubini. Aliyeua ni rubani aliyeona mbuzi na sufuria uani akapiga. Aliyeua ni ofisa aliyejua alama imegeuzwa akanyamaza. Na mtu wa redio, aliyekula kwangu.

Siku moja nilikwenda kutafuta kuni upande wa pili wa kambi. Katikati ya maturubai yote yale meupe nikaona paa jingine la udongo. Nikamjua kabla sijamwona. Mtu wa redio alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, amekonda, nguo za kiraia zinampwaya. Naye alinijua.

"Karibu, kaka."

Sikukaa. "Ulijua lini kwamba nyeupe imegeuka?"

"Jana yake."

"Jana yake ulikula kwangu."

"Nilikula."

"Ukaliona shuka."

"Nililiona. Kaka, ningekueleza, ungemwambia jirani, jirani angemwambia muasi. Ofisa angenipiga risasi."

"Ungesema tu, dada, anua shuka, mvua inakuja."

Mkono wake ukasimama ndani ya maharage. Alifikiri kweli, nilimwona akifikiri.

"Hilo halikunijia," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa amri, kwa woga, hata kwa uongo. Kwa hilo sikujiandaa. Mke wangu hakuwa mbishi, angelianua bila kuuliza.

Nikaokota kuni zangu. Sikurudi tena upande ule, na baadaye niliiacha kambi, nikaja huku Kasingirima kwenye chumba cha kupanga. Nashona nyavu za watu. Nguo zangu nafua, naanika ndani.

Mawingu yakijikusanya juu ya ziwa, wanawake wa uani huitana: anueni nguo, mvua inakuja. Huitana wote, hata wale wasiosalimiana. Mlango wangu hawaugongi, maana kambani hapana kitu changu.