Mjane Aliyesubiri Ndoto

Tangu mavuno ya mpunga, Voahangy hakupata usingizi wa maana. Macho yalimwiva hata mabata wakawa wanampisha njia. Jua likizama tu, moyo unamdunda: leo je, nitalala? Alikunywa majani ya mchungwa, akageuza kitanda mara nne, akahesabu ng'ombe wa kijiji kizima pamoja na walioliwa msibani. Wapi!

Uchovu angeuvumilia. Ila wafu wa nyanda hizi za juu za Madagaska, wakisikia baridi kaburini, huja ndotoni kuomba nguo. Ndipo ukoo hufungua kaburi, ukawavika sanda mpya ya hariri na kuwapigia ngoma. Mumewe, Ranaivo, alikuwa na miaka mitano ardhini. Julai imefika, umande unaganda majanini, na mke ndiye anayengojewa aote. Ataotaje mtu asiyelala?

Mwishowe akadanganya. Asubuhi moja alimkuta mama mkwe wake, Bi Razay, uani akipeta mchele.

"Mama, amekuja. Anasikia baridi."

Bi Razay hakuinua kichwa. "Alikaa wapi?"

"Kitandani."

"Upande gani?"

"Wa... wa mlangoni."

"Mwanangu huyu huyu? Miaka ishirini kalala ukutani kwa kuogopa panya, leo kafa ndiyo kapata ushujaa?"

Voahangy akaangua kilio. "Silali, mama. Nikisinzia nashtuka, nasema labda alikuja akanikuta macho, akarudi. Anatetemeka mle kwa sababu yangu."

Bikizee akaweka ungo chini.

"Mimi nalala kama gogo," akasema, "na hajanijia hata mara moja. Nilidhani ana kinyongo nami. Nikaona haya kukuuliza."

Wakatazamana.

"Alipokuwa mchanga hakuniomba nguo," Bi Razay akasema. "Nilimfunika tu. Jumatatu twende kwa wafumaji."

"Na wazee wakiuliza nani kaota?"

"Mimi. Waje wanibishie, nina meno mawili na yote yanauma watu."

Voahangy akavuta mkeka amsaidie kuchambua mchele. Alitoa chuya mbili, tatu, kisha kichwa chake kikamlalia mkwewe begani. Akakoroma hata jirani akauliza nani anapasua mbao. Alilala mpaka jua likapinda, na hakuota kitu.