Sauti ya mume wangu imefutika, na mama yake anaingojea

Admin, nifichie jina vizuri, maana mashemeji zangu wamo humu na wanasoma kila kitu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mjane, nina watoto watatu, naishi hapa Uvira; jina la Mama Neema mtakalolisoma hapa si langu la kweli.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya. Mama yake anakaa Makobola, na macho yake yaliharibika zamani, hawezi kusoma hata mstari mmoja. Basi mume wangu alikuwa anafunga mlango, anakaa mbele ya ordinateri, yaani kompyuta, anajirekodi akimsomea Zaburi, huku akiimba katikati na kumtania kama vile wako pamoja. Sisi tulikatazwa hata kukohoa. Mama akija kututembelea, anasikiliza siku nzima na kucheka peke yake. Kisha mume wangu akaugua, ugonjwa wa muda mfupi tu, akatutoka. Simu yake haikuwa na chochote cha maana. Sauti yake yote ilibaki kwenye ile mashine.

Siku ya kumaliza matanga mama alikuja na fulashi aliyoazima kwa jirani, ameifunga kwenye ncha ya kitenge. Kule kijijini wana redio ndogo zinazosoma fulashi, na fulashi moja inazunguka nyumba hadi nyumba, leo nyimbo za Mungu, kesho filamu. Aliomba nimtilie sauti ya mwanawe aende nayo. Ninyi mnajua kwetu: kitu kikitoka mkononi mwa mama mkwe unakipokea kwa mikono miwili, hukichunguzi mbele ya wageni kana kwamba una mashaka naye. Antivirusi ilitaka kuipima kwanza, ikawa inachelewa, mashemeji wananitazama, mmoja akauliza kama mama yao ni mchafu. Nikaona aibu. Nikaizima, nikaruhusu fulashi ifunguke.

Mashine ikaganda. Nilipoiwasha tena, mahali pa zile sauti palikuwa patupu. Moyo ulinipasuka, lakini mbele ya watu nikasema tu kwamba mashine imechoka, mama aniachie fulashi, nitamtumia.

Nilimwita fundi. Alivikuta virusi kwenye ordinateri, akaipima fulashi pia, akavikuta vilevile. Mashine yetu haina intaneti, na tangu msiba haikuguswa na fulashi nyingine. Kuviondoa hakukumshinda. Kisha akanipa matumaini: alisema ordinateri hujiwekea nakala za siku zilizopita, kwa hiyo tutairudisha nyuma mpaka kabla ya matanga na sauti zitakuwepo. Alipogusa pale, ikakataa. Virusi vilikuwa vimefunga njia hiyo kabla ya kufanya uharibifu wao. Akakaa kuitengeneza, umeme ukakatika, tukaomba waya kwa jirani mwenye sola, akaendelea. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo, watoto nimewatoa nje.

Hatimaye ile njia ikafunguka. Nilipiga vigelegele kabla ya wakati, jirani akachungulia. Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama nakala moja tu iliyokuwepo pale, ile ambayo mashine ilikuwa imeitengeneza muda uleule yeye alipomaliza kazi.

Aliniambia, “Mama Neema, sasa iko na nguvu ya kurudi nyuma, ila mwisho wake ni leo. Zile za zamani zote virusi ilifuta.”

Alijaribu pia programu ya kutafuta vitu vilivyofutwa. Ikaleta majina ya Zaburi, nikayasoma moja moja jinsi mume wangu alivyoyaandika, lakini kila tulilofungua halikuwa na sauti. Nililia mbele ya fundi wa watu bila haya. Mashine sasa ni nzima kabisa, inawaka haraka kuliko mwanzo, na mimi naichukia.

Tangu hapo mama anapiga simu kupitia kwa jirani yake. Amenunua betri mpya za redio. Mwanzo nilisema fundi amesafiri, halafu nikasema umeme. Shemeji mkubwa ameanza kusambaza kwamba mimi nimefuta makusudi ili nimsahau ndugu yao niolewe upesi. Wengine hawanisalimu tena kanisani. Nikisema ukweli wote, mama atajua kwamba fulashi aliyoileta yeye mwenyewe, kwa upendo wote, ndiyo iliyomnyamazisha mwanawe. Yule mama hana kitu kingine kilichobaki. Nikisema ni mimi niliyeizima ile antivirusi, nako ni kweli, lakini kwa mashemeji nitakuwa nimejihukumu, na najua watakachofanya: watoto hawa ni wa ukoo wao, tayari wamekwisha kusema wanataka kuwachukua.

Jana mama alinipigia tena. Hakuuliza habari za mashine. Alisalimia watoto mmoja mmoja kwa majina, kisha akasema, “Mama Neema, minye siko mutoto. Kama ile sauti imekufa, weye uniambie tu ni nani aliiua. Nitamusamehe.”

Nikasema mtandao haushiki, nikakata simu.

Jumapili anakuja mwenyewe, na redio yake. Ninyi mliozaa na ninyi mlio na wakwe, nawaomba mnishike mkono kabla hajafika: nimjibu nini mama huyu?