Salamu ya Mifugo Wodini

Sifa zote ni zake Mola aliyeumba mgongo ukaweza kuinama, na akayajua maumivu yake kabla ya daktari yeyote.

Mwaka juzi homa ilinishika miezi miwili. Jioni inanilowesha jasho, asubuhi inaondoka, kiuno kinabaki kinauma. Huku kwetu Chemba nilitibiwa malaria, kisha taifodi, na bado. Kilichoniumiza zaidi ni sala. Mimi mwalimu wa madrasa, niliyewafundisha watoto kusujudu, nikawa nasali juu ya kiti. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, paji langu la uso lirudi kwenye mkeka.

Nikalazwa hospitali moja mjini Dodoma. Asubuhi moja daktari bingwa akaja kitandani kwangu na wanafunzi wake.

"Hii ndiyo kesi yenu ya leo," akawaambia. "Vipimo havijatuambia kitu. Muulizeni mzee."

Jirani yangu wa kitanda, mstaafu wa reli kutoka Ihumwa, akacheka. "Shehe, umekuwa kesi! Tafuta wakili."

Wanafunzi wakaanza. Una kisukari? Presha? Kikohozi? Waliuliza mfululizo, macho darini, kama watoto wangu wanaposoma sura waliyoihifadhi jana na wanaogopa itawatoroka. Niliwahurumia, nikajibu hapana, hapana, hapana.

Wa mwisho alikuwa binti mfupi, koti jeupe limempita magoti. Yeye alivuta kiti akakaa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Habari za Chemba?"

"Njema."

"Bibi hajambo?"

"Hajambo, ananingoja."

"Na mifugo je?"

Nikashusha pumzi. "Mifugo ndiyo si salama. Mbuzi wanne wametupa mimba msimu huu."

Wenzake wakachekeana. Mmoja akanong'ona, "Huyu anasomea udaktari wa mbuzi." Bingwa hakucheka. Alimwashiria binti aendelee.

"Nani aliwahudumia hao mbuzi, babu?"

"Mimi, kwa mikono hii."

"Na maziwa yao mnachemsha?"

"Bibi yako anachemsha ya kwake. Mimi nayanywa yakiwa na joto la kiwele. Yakichemshwa yanakosa utamu."

Damu ikachukuliwa tena, kwa kipimo ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Majibu yakaja: ugonjwa wa mbuzi wangu, ule unaowatupisha mimba, ulikuwa umehamia kwangu kwa maziwa na mikono. Mstaafu wa reli nusura aanguke kitandani kwa kicheko. "Hongera, mama shehe!"

Bingwa akamuuliza binti swali lile alilisoma kitabu gani.

"Nyumbani, daktari. Kwetu ukimsalimia mzee ukaacha mifugo, bado hujamsalimia."

Kesho yake wanafunzi wote walisalimia kwa kirefu, kitanda hadi kitanda. Hata mstaafu wa reli akaulizwa mifugo. "Nina paka tu," akajibu. "Hajambo, anawasalimu."

Nilirudi nyumbani na dawa za wiki sita. Mke wangu alinipokea na kikombe cha maziwa yanayofuka moshi. "Yamechemka mara mbili," akasema. "Moja ya vijidudu, moja ya ubishi wako." Nikanywa hadi tone la mwisho.

Dawa zilipokaribia kwisha, adhuhuri moja nilikisogeza kiti pembeni, nikashuka taratibu, na paji langu likagusa mkeka. Nilikaa pale chini muda mrefu hata mke wangu akadhani nimesinzia.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie mgongo unaoinama bila maumivu, na siku utakayougua akuletee mtu mwenye muda wa kukusalimia.