Sikukuu ya Upande Wetu

Mwaka aliokufa baba nilikuwa msichana wa kutosha kubeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Tuliishi ufukweni mwa Ziwa Mweru, kaskazini kidogo ya Nchelenge, katika nyumba ya matofali mabichi aliyoijenga baba mara tu aliporudi kutoka Kongo. Ng'ambo hiyo ya ziwa alikuwa amekaa miaka mingi akiwavulia samaki wafanyabiashara wa Kigiriki. Huko alibatizwa, huko alifunga ndoa na mama aliyemfuata kutoka Puta, upande huu wa ziwa, na huko ndiko nilikozaliwa. Nyumbani tulisema Kibemba, lakini baba akikasirika alirukia Kiswahili cha Katanga, nasi tukajua la kufanya: kunyamaza.

Kilichomshangaza aliporudi upande wa Waingereza kilikuwa sikukuu. Kwa Wabelgiji kule Kongo, ukiacha Dominika, siku za amri zilikuwa chache: Noeli, Kupaa Bwana, Kupalizwa kwa Maria, Watakatifu Wote. Siku hizo usipofika misani, au ukishika kazi ya mikono, umetenda dhambi ya mauti. Huku kwetu katekista alitangaza na nyingine, mojawapo ikiwa ya Petro na Paulo, katikati ya msimu wa baridi, wakati samaki wanapokuwa wengi na upepo unapokuwa mbaya.

"Mungu ni mmoja," baba alimwambia siku moja nje ya kanisa. "Imekuwaje amri ziwe mbili?"

"Kila askofu ana nchi yake," katekista akajibu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyependa ubishi. "Ukilala kwa watu, unafuata desturi ya mwenye nyumba."

"Na ziwani ni nyumba ya nani?"

Watu walicheka. Katekista hakucheka.

Mwaka ule, siku mbili kabla ya sikukuu, baba na mjomba wangu, kaka yake mama, walitega nyavu mbali kidogo na pwani. Mjomba ndiye aliyekuwa mwenzake wa mtumbwi. Mmoja alivuta nyavu, mwingine alishika kasia kuuelekeza mtumbwi kwenye mawimbi. Siku ya mkesha upepo wa kusini-mashariki ulivuma kutwa nzima, wasiweze kutoka. Usiku ukatulia. Kulipokucha ziwa lilikuwa kimya, na baba alijua mashua ya barafu ya Wagiriki ingefika asubuhi hiyo hiyo kuchukua samaki, maana kwao ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine.

Nilikuwa ufukweni nateka maji mjomba alipofika. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la misa.

"Shemeji, leo siwezi," alisema. "Ni siku ya amri."

"Samaki wanaozea nyavuni, nawe unaniambia amri?"

"Twende misani kwanza. Tutainua kesho."

Baba akarukia Kiswahili chake. "Kule ng'ambo leo batu bote beko ku kazi! Mungu wa kule ni mwingine?"

Mama alikuwa ametoka nyumbani na mdogo wangu mgongoni. Alimwangalia kaka yake, kisha akatazama maji. "Nenda naye," alisema. "Mtarudi kabla padri hajafika. Usimwache peke yake."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Dada, usiniombe dhambi."

Baba alisukuma mtumbwi, akarukia ndani, akaenda. Alipiga kasia akiwa amesimama nyuma, na hakugeuka.

Padri alifika na pikipiki, nasi tukaingia kanisani. Misa ilikuwa bado katikati upepo uliporudi. Ulianza kwa kutikisa nyasi za paa, kisha mlango ukapigwa ukafunguka, na vumbi likaingia mpaka altareni. Nilimwona mama akitazama mlangoni. Upande wa wanaume, mjomba alikuwa amepiga magoti, amefumba macho, midomo ikitembea.

Hatukupokea hata baraka ya mwisho. Kelele zilitoka ufukweni: mashua ya barafu ilikuwa imefika ikivuta mtumbwi uliopinduka, na nyavu zimeuzonga. Mjomba alitupita akikimbia, akaingia majini na shati lake jeupe, akiita jina la baba mpaka sauti ikakatika. Wanaume walitafuta siku ile na zilizofuata. Hawakupata kitu.

Dominika iliyofuata katekista aliongoza sala kwa kuwa padri hakuwepo. Aliwataja marehemu wa kijiji mmoja mmoja. Baba hakutajwa. Nje, mama alimfuata.

"Umemsahau mume wangu."

"Sikumsahau, mama." Hakuweza kumtazama usoni. "Alikufa akivunja amri. Siwezi kumtaja mbele ya watu mpaka padri aseme."

Neno hilo lilitutangulia kufika nyumbani. Wanawake waliokuwa wakilala kwetu matangani walikunja mikeka yao, mmoja kwa kisingizio cha mtoto mgonjwa, mwingine bila kisingizio. Jioni ile tulilia wenyewe.

Mashua ya barafu iliporudi, mmoja wa mabaharia alipanda mpaka kwetu, kofia mkononi. "Mama, bwana yako tulimupata," alisema. "Maji ilimupeleka kwetu. Batu balijua ni Mukatolika sababu ya medali ya shingo. Padri alimuzika na misa."

Mama aliketi chini pale pale. Aliporudiwa na nguvu aliuliza jambo moja tu: kama mashua ingetuchukua.

Tulivuka na mama, mimi na mdogo wangu, tumekaa juu ya masanduku ya samaki. Kaburi lilikuwa kwenye mchanga mwekundu kando ya kanisa, na msalaba wa mbao ambao utomvu wake haujakauka. Wanawake wa pale walitusimulia jinsi walivyomlilia mtu wasiyemjua. Padri wao alikuwa mzee mwenye ndevu zilizogeuka rangi kwa tumbaku. Mama alipiga magoti mbele yake akamweleza yote: nyavu, upepo, katekista.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Hapa ile siku haikuwa ya amri," alisema taratibu. "Mimi mwenyewe nilikuwa napaka dirisha rangi."

Nilidhani mama angefurahi. Alilia kuliko siku ile ya mtumbwi.

Padri wa upande wetu alipokuja, alimkaripia katekista kwamba hukumu si kazi yake, akasoma misa ya baba. Walihudhuria watu wachache. Jambo likishakaa vinywani mwa watu halitoki kwa misa moja. Mama hakupokea tena Komunyo huku. Kila Pasaka alivuka ziwa kuipokea kule, mpaka miguu ilipomkatalia.

Mjomba aliacha uvuvi, akawa analima mihogo. Alituletea unga kila mavuno. Mama alimpikia, akamtengea chakula, lakini hakumsemesha. Alinipa mimi ujumbe nimpe, hali mjomba ameketi mbele yake.

Baada ya miaka mingi, nikiwa na watoto wangu, ilisomwa kanisani kwamba sikukuu ya Petro na Paulo si ya amri tena kwetu. Mwenye kazi afanye kazi yake. Ilisomwa haraka, kati ya tangazo la harusi na la kufagia kanisa. Mama alikaa wima.

Alasiri mjomba alikuja. Alikuwa mzee sasa, anatembelea fimbo. Alisimama uani.

"Dada, umesikia walivyosema?"

Mama alikuwa akipepeta. Hakuacha. Mwishowe aliweka ungo chini, akaingia jikoni, akamtolea bakuli la ugali na samaki, akaliweka juu ya kigoda. Kisha akarudi ndani akafunga mlango.

Mjomba alinawa, akaketi. Alimega tonge, akalishika mkononi muda mrefu. Niliondoka pale nisimtazame akilia.