Kabichi za Baba na za Kaisari

Baba yangu alifundisha historia hapa Likasi mpaka alipostaafu, na katika wafalme wote wa dunia alimpenda mmoja tu: yule kaisari wa siku za mwisho za Roma aliyeacha kiti kwa hiari yake akaenda kulima kabichi. Mama hakutaka hata kumsikia. Kaisari huyo alibomoa makanisa, na mama yangu kanisa ni nyumba yake ya pili.

"Ule kaisari yako alikuwa anaua bakristo," alimwambia mezani. "Weye muntu wa korale, unamupendea nini?"

"Zambi yake iko zambi," baba alijibu. "Minye niko nasema juu ya kazi yake."

Hivyo tulikula bukari, ugali wetu, na kaisari karibu kila jioni. Tulijua kwamba alizaliwa na watu wa chini, akapanda jeshini mpaka askari wenzake wakamweka kitini. Aliiona dola ni kubwa mno kwa kichwa kimoja, akaigawa kwa watu wanne. Alipanga bei ya kila kitu sokoni, na atakayezidisha auawe, basi wachuuzi wakaficha bidhaa. Hapo mama, aliyeuza unga sokoni tangu ujana wake, alicheka kila mara, akasema wangemuuliza yeye kwanza. Kisha kaisari akaugua, akakonda hata watu hawakumtambua, akavua joho mbele ya askari na kurudi kwao. Wakubwa wapya walipogombana, wakamfuata arudi. Akawajibu kwamba laiti wangeziona kabichi alizopanda kwa mikono yake, wasingemwomba jambo kama hilo.

Baba aliishia hapo. Kuna mwisho mwingine, nao niliujua nikiwa mtu mzima: mke wa kaisari na binti yake walifukuzwa huku na kule na hao wakubwa wapya, na mzee hakuwa na nguvu tena ya kuwarudisha nyumbani. Mwisho huo baba hakuutamka mbele ya mama.

Yeye mwenyewe alikuwa na dola yake: kwaya ya parokia, korale kama tunavyoiita, ambayo aliiongoza tangu mimi sijazaliwa. Ukubwa ni jalala, na jalala la kwaya nalijua mimi niliyefungua mlango. Nani kaimba sehemu ya nani, nani hakufika kwenye matanga ya nani, yote yaliletwa kwetu. Mwaka juzi alianguka katikati ya mazoezi. Daktari alisema ni presha, akisema pia kwamba akiendelea na ugomvi wa watu tutamzika. Baba akaacha kiti. Kwa kuwa ni mtu wa kufuata historia, alilima bustani nyuma ya nyumba na kupanda kabichi.

Jamani, kabichi zile! Udongo wa mtaa wetu wa Shituru, penye kiwanda cha shaba, si mpole kwa mboga, na ulichobakiza udongo, viwavi walimaliza. Hakuna hata moja iliyofunga kichwa. Baba alizimwagilia kila asubuhi, na mama alimtazama dirishani bila kumcheka. Hapo ndipo nilipojua mama anaogopa.

Ikafika habari kwamba kwaya imepasuka juu ya kikwembe, kitenge cha sare ya Pasaka. Wajumbe wangekuja Jumapili baada ya misa. Nikamwona baba akipiga pasi koti lake la uenyekiti, akiimba chini chini. Mama naye alimwona.

Jumapili mama hakwenda misa. Baba alipotoka tu, alinivuta nyuma ya nyumba. Kulikuwa na beseni lililojaa kabichi za sokoni, nzuri, nzito, zimekatwa chini kwa kisu.

"Chimba," akasema.

"Mama, ataona!"

"Aone. Chimba."

Nikachimba. Yeye alipiga magoti katika kitenge chake kizuri, akazisimamisha moja moja na kuzifukia. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Wageni walifika. Kwetu ujumbe hausemi neno lake kabla ya kunawa na kula, kwa hiyo mama alipika polepole kadiri alivyoweza. Mwishowe wakashiba, na mama mzee mmoja wa sauti ya kwanza akasema:

"Baba, korale inakufa. Bamoja banataka kikwembe ya bleu, bengine ya manjano. Bakikuona weye tu, batanyamaza."

Baba alinyoosha koti. Macho yake yaling'aa, nami nikajua amekwisha kukubali.

"Mbele ya kujibu," mama akasema, "ubaonyeshe shu zako za kule bustani. Kaisari si alisema vile?"

Baba alimkazia macho, kwa aibu. Lakini wageni walikwisha kusimama.

Baba alipoona bustani yake, alisimama pale pale. Wageni walisifu. Yule mama mzee aliinama na kuvuta moja kwa furaha, ikamjia mkononi bila mzizi, shina limekatwa sawasawa. Mama alitazama chini, magoti ya kitenge chake yakiwa bado na udongo.

Baba aliyaona magoti yale. Kisha akaichukua ile kabichi, akairudisha shimoni, akakandamiza udongo kwa kiatu chake cha misa.

"Munaona?" akawaambia wageni, na sauti haikuwa ile ya darasani. "Hizi shu, nilipanda na mikono yangu. Siwezi kuziacha."

Wakaenda zao. Jioni mama alichukua kisu, akasema tuzile kabla hazijaoza.

"Ngoya kwanza," baba akasema.

Asubuhi, kabla ya chai, nilimkuta bustanini na ndoo. Alizimwagilia zote, moja moja.