Ukuta wa Ujiani

Kabla fundi hajashika mwiko, nilikuwa nimeshaitembea nyumba mpya miezi mitatu, nimelala chali juu ya mkeka uani. Kuta zilikuwa nyeupe, nyororo, kama ndani ya ganda la yai. Nikiamka naikuta nyumba yetu ya mawe hapa Malindi inamwaga chokaa sakafuni, nami nachukua ufagio.

Mifuko ya saruji niliihesabu ilipoteremshwa, nikaihesabu tena fundi alipokwenda kunawa. Yeye alitaka malipo ya kupiga plasta vyumba vitatu, na ujia kando. Nikamkaba, nikajifanya naenda zangu, mpaka akachoka: ujia ukaja bure. Siku ile nilitembea kama mtu aliyeokota kidani.

Mama tulimpeleka kwa dada yangu Mariakani, akae mbali na vumbi. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga tu, lakini humu nyumbani mwetu hakuna aliyemshika mkono. Alikuwa akiweka kiganja kwenye ule ukuta mrefu wa ujiani, akaenda chooni, akatawadha, akarudi kusali. Milango iko upande wa pili, aghalabu wazi, na mapazia hayashikiki. Ukimsogelea kumsaidia, alikuuliza kama nawe umepotea.

Alirudi baada ya wiki mbili. Ujia ulinukia chokaa mbichi, na jua la asubuhi lilipoingia ukawa ndoto yangu hasa. Mama akaweka kiganja. Akapiga hatua tatu, akasimama.

"Hapa wapi?"

"Ujiani, mama."

"Ujia upi? Huu hauna kitu."

Ndipo nilipojua kwamba ule ukuta mbovu ulikuwa na vituo vyake: tundu la msumari wa taa, kisha bonde lililochimbwa na mvua, kisha mahali palipokwaruza kama mbuzi ya nazi, na mkabala wake ndipo choo. Fundi alikuwa amevifunika vyote, vizuri kabisa, tena bure.

Tangu hapo aliniita kila alipotaka kwenda chooni. Kisha akaacha kuniita. Nilidhani amezoea. Lakini vikombe vyake vya chai, vilivyokuwa vinne kwa siku, nilivihesabu nikapata kimoja. Kesho yake nikahesabu tena. Kimoja. Mama alikuwa anakaa na kiu ili asiniombe mkono.

Nikamwita fundi, nikamwomba auharibu ukuta wake. Akasema kubomoa ni ghali kuliko kujenga, akataja bei. Nikasema sawa. Akaingiwa na hofu, akaipunguza mwenyewe.

Mama akatoka chumbani. Fundi akampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Chimba hapa."

Wakaenda hivyo polepole, mama na kiganja chake, fundi na nyundo, vumbi jeupe likiwashukia mabegani mpaka wakawa kama watu wawili wanaotembea ndani ya wingu. Bonde la kwanza mama alilikataa, akasema hilo hata kidole hakitui. Mkabala na choo aliamuru paparuzwe hasa, akamuuliza fundi anaona haya ya nini. Fundi aliniomba, kwa sauti ya chini, nisimwambie mtu yeyote kwamba ukuta ule ni kazi yake.

Nikadhani tumemaliza. Mama akarudi nyuma hatua chache, akapapasa, akagusa kwa kidole.

"Na hapa utie alama."

"Ya nini, bibi?"

"Mkabala ni chumba cha huyu. Huyu na usingizi ni ndugu. Nitajuaje pa kumgongea alfajiri?"

Alfajiri iliyofuata, nikiwa baina ya usingizi na macho, nilisikia kiganja kikija ukutani taratibu, kama mtu anayepepeta mchele. Kikasimama. Mlango ukagongwa. Nilipofungua, mama alikuwa ameshapita, anaelekea chooni, wala hakuningoja.