Wageni wa Sajini Mpishi

Sajini Olweny alilitumikia jeshi miaka mingi na hakuwahi kumuua mtu, labda kwa maharage. Alikuwa mpishi. Wakati wa vita kule kaskazini kazi yake ilikuwa kusonga posho, ule ugali wa jeshini, na kugombana na kuni mbichi. Shida ni kwamba alipokwenda nyumbani likizo, ndugu zake wakimkalisha kwenye mtungi wa pombe ya kwete, hakuna aliyetaka habari za posho. Basi aliwapa walichotaka. Alirusha risasi za mdomo, akaangusha watu wasiokuwepo, nao wakamjazia kibuyu tena.

Sasa alikuwa mstaafu, anakaa vyumba viwili mjini, mtaa wa Bugolobi, chini ya fleti, upande wa viwandani, na ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umehamia mwilini mwake. Mkono ulitetemeka, hatua zilikuwa fupi, na uso ulikauka hata mkewe Aciro hakujua tena kama mumewe amenuna au anacheka. Vidonge vya kwanza vilimrudishia mwendo. Lakini akilala, miguu hiyohiyo ilikataa kutulia, ikamnyima usingizi, mpaka daktari akamwongezea kidonge cha pili, cha miguu. Miguu ikatulia. Ndipo wakaja watoto.

Walikaa kwenye kochi mchana kweupe, wadogo, wamevaa vizuri, wakimtazama. Hawakusema neno. Olweny alijua hawapo, maana kochi halikubonyea, lakini kujua hakukuwafukuza. Akanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo, ila Mwacholi kama yeye aliyewahi kuvaa magwanda ana maradhi mengine ambayo akiyataja tu yamemuumbua tayari. Siku moja akajisahau. Aciro, ambaye huuza dagaa sokoni, alitaka kutua beseni lake kwenye kochi.

"Ngoja," Olweny akasema, "utawamwagia watoto."

Aciro akaliweka beseni chini taratibu. "Watoto gani, Baba Amito?"

Hapo ndipo alipobanwa, ikambidi aeleze anachokiona. Kwa Waacholi, mtu aliyeuawa vibaya hatulii. Roho yake, wanaiita cen, humfuata muuaji hadi nyumbani, na ikikosa kumpata yeye huwageukia wanawe. Dawa yake haiko hospitali. Muuaji hukaa mbele ya ukoo, akakiri, akamtaja aliyemuua, kisha mbuzi huchinjwa. Asipokiri, hakuna njia. Aciro hakuwa mkatili, alikuwa na wajukuu na aliogopa. Alihamishia mkeka wake chumba cha pili, akamwambia binti yao Amito asiwalete tena watoto wake. Olweny aliwapenda wajukuu wale kuliko kitu chochote, na nyumba ikawa kimya mpaka inauma.

"Sikuua mtu," alimwambia. "Nilikuwa mpishi."

"Ndugu zako uliwaambia mengine."

"Nilikuwa nimelewa."

"Mlevi ndiye husema kweli," Aciro akajibu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alikokota miguu hadi kliniki akamweleza Benedicte, muuguzi Mkongo aliyekimbia vita vya kwao. Yeye hakushtuka hata kidogo.

"Papa, hii haiko mapepo," alisema. "Ile kidonge ya miguu njo inakuletea hao batoto. Tunaonaka wagonjwa wengi vile. Daktari akirudi wiki ijayo, atapunguza pole pole. Lakini wewe usiache dawa peke yako, Papa. Ukiacha yote, utakauka sawa mti."

Olweny nusura alie kwa furaha. Alirudi nyumbani na jibu lake, na Aciro akamsikiliza hadi mwisho huku akichambua dagaa.

"Kidonge cha miguu kinaingiaje machoni?" akauliza.

Olweny hakujua kinaingiaje. Na tayari Aciro alikuwa amempigia simu Oyet, kaka mkubwa wa Olweny. Angefika Jumamosi pamoja na wazee wawili wa ukoo.

Sajini akapanga vita vyake vya kwanza. Wazee wakimkuta anakodolea kochi, amekwisha. Lakini wakimkuta macho yake yametulia, akawaeleza habari za sufuria na uongo wa kwete, watamcheka, watakula, watapanda basi warudi kwao. Basi kuanzia Alhamisi akaacha vidonge vyote, vya mwili na vya miguu. Aciro alipompa alivibana chini ya ulimi, kisha akavitema. Benedicte alikuwa amesema wazi, ila mtu aliyebanwa husikia ile nusu anayoihitaji.

Ijumaa watoto walififia. Jumamosi asubuhi kochi lilikuwa tupu. Olweny alitamani kucheka, uso ukakataa. Alitamani kuinuka, mwili nao ukakataa. Aciro akamvalisha shati, akamketisha, akampanga mikono magotini.

Wageni wakaja, wakanawa, wakala. Kisha Oyet akasogeza kiti chake karibu. Alikuwa mtu mpole.

"Ndugu yangu," alisema, "hatukuja kukuhukumu. Vita ni vita. Uliua nani?"

Maneno yalikuwa tayari, ameyapanga siku mbili. Akayasukuma. Kilichotoka ni pumzi, na mate pembeni mwa mdomo. Oyet akainamisha sikio, akangoja, akauliza tena. Hakuna. Ndani mle Olweny alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote. Alitaka kumkamata kaka yake shati amtikise. Nje, alikaa kama mtu aliyeshiba.

"Asiye na hatia angekana," mzee mmoja akasema.

"Kimya ni jibu," Oyet akasema, machozi yakimlengalenga. "Amekubali. Jina litakuja baadaye. Tutatafuta mbuzi."

Walipoondoka Aciro alipiga magoti mbele ya mumewe, akamfuta mdomo kwa leso yake.

"Umefanya vizuri, Baba Amito. Hata kama walikuwa watoto, mimi nimekusamehe."

Alipoona jinsi mwili ulivyomkauka, akaviponda vidonge vyote viwili katika maji, akamnywesha kidogokidogo mpaka kikombe kikaisha. Kisha akaketi kwenye kochi, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu siku ya beseni, akamngoja. Taya likalegea kwanza. Vidole vikafuata. Hatimaye sauti.

"Aciro, sikuua mtu." Ilitoka safi kabisa, sauti ya gwaride.

Aciro hakubishana. Alitazama huku na huku kwenye kochi.

"Bado wapo?" akauliza.

Olweny akatazama. Angeweza kudanganya, lakini uongo ulikuwa umemchosha.

"Hawapo," akasema.

Aciro akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Si umeona? Ulipokiri tu, wameondoka." Tayari alikuwa anatafuta simu yake. "Nampigia Amito. Kesho alete wajukuu."

Olweny alifungua mdomo amzuie, akawakumbuka wajukuu, akaufunga. Alikuwa na sauti yote aliyoihitaji, na vidonge viwili tumboni, kimojawapo kile cha miguu.